Kabla hujapanda ndege ya Doha

Mwanangu,

Ajenti anakwambia uende Qatar kufanya kazi za nyumbani kwa viza ya kutembelea, ya kazi utabadilishiwa huko. Kataa. Wengi wanaoitwa wahamiaji haramu hawakuvuka mpaka wowote kwa kujificha. Waliingia uwanja wa ndege mchana kweupe kwa viza kama hiyo. Ukifanya kazi kwayo, mwajiri anakulipa apendavyo, maana anajua huwezi kumshtaki.

Viza ya kazi ikitoka, iweke kando ya mkataba usome jina la mwajiri herufi kwa herufi. Yakitofautiana, usisafiri. Kisha tazama mshahara. Kima cha chini Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Asiyekupa malazi anaongeza 500, asiyekulisha anaongeza 300. Kwa hiyo akikwambia atakupa 800 kwa sababu unalala na kula kwake, anakuibia 200 kila mwezi. Saa za kazi zisizidi 10 kwa siku, na siku moja ya wiki ni yako.

Ukifika, mwajiri ana siku 30 za kukukatia kibali cha ukaaji. Pasipoti ataichukua kwa shughuli hiyo, halafu airudishe. Kuing'ang'ania ni kosa lenye faini hadi riyali 25,000. Nitumie picha za pasipoti, viza na mkataba kabla hujaondoka, kwa sababu hata simu huenda wakakunyang'anya.

Mambo yakiharibika, moyo utakutuma utoroke usiku. Usiufuate: mwajiri akikuripoti kuwa umetoroka, unaweza kukamatwa na kurudishwa nyumbani, hata kama mshahara wa miezi mitatu bado yuko nao. Tangu 2020 huhitaji barua yake ya ruhusa ndipo uhamie kwa mwajiri mwingine: ukiwa ndani ya miaka miwili ya kwanza unatoa notisi ya mwezi mmoja kupitia Wizara ya Kazi. Wapo waajiri wanaokimbilia kuripoti mara tu wanaposikia notisi, kwa hiyo malalamiko yako yafike wizarani kwanza, ungali kazini. Lakini akikupiga au akikushika mwili, usingoje notisi wala wizara. Toka, piga 999, nenda ubalozini.

Nitumie leo jina la ajenti na nambari ya leseni yake, niitafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hapa Kenya. Pesa usimpe bado.

Mamako