Kwa mdogo wangu, kuhusu kile kisanduku nilichokataa kukitia alama

Mdogo wangu,

Ujumbe wangu wa mwisho kwako una tiki moja mpaka leo. Simu hupokei. Shemeji kaniambia bado unasoma ninayoandika hapa, basi nimekuja huku huku. Wengine mtakaoipitia barua hii mtuwie radhi. Kama na nyie mna ndugu anayetaka kazi ya ofisa usalama wa mahakama za shirikisho Marekani, huenda yakawafaa.

Naanza na hili lisije likapotea: kazi unayoitaka unaiweza. Una jicho, una subira na mtu mkorofi, na una ile sauti ya Baba isiyopanda hata akichokozwa. Sikusema huiwezi. Nilisema sharti moja hujalitimiza, wewe ukasikia mengine.

Sharti lenyewe nalirudia polepole, maana siku ile hukunipa nafasi. Maofisa wale wa koti la bluu na suruali ya kijivu hawaajiriwi moja kwa moja na Idara ya Marshali, ile idara ya shirikisho inayolinda mahakama. Idara inaingia mkataba na kampuni binafsi kwa kila mzunguko wa mahakama za rufaa, yaani kundi la majimbo yenye mahakama moja ya rufaa. Sisi wa Texas tuko mzunguko wa 5 pamoja na Louisiana na Mississippi. Unaomba kwa kampuni, kampuni inapeleka jalada lako kwa Marshali, na neno la mwisho ni la Marshali. Wakikukubali unaapishwa kuwa naibu marshali maalumu, na mamlaka yako ni ya kazini tu. Bastola ni mali ya serikali.

Wanataka uraia wa Marekani, umri usiopungua miaka 21, cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, leseni ya udereva, na rekodi isiyo na kosa la jinai. Hata kosa dogo la ugomvi wa nyumbani, ukishatiwa hatiani, linakunyima haki ya kushika silaha tangu sheria ya 1996, na bila silaha hakuna kazi. Masharti hayo umeyatimiza. Kisha wanataka uwe umemaliza akademia ya polisi, na uwe na miaka 3 ya kazi ya polisi, au ya jeshini inayolingana nayo, yenye mamlaka ya jumla ya kukamata. Si lazima miaka iwe mfululizo. Ila mamlaka hayo wameyaeleza bila kificho: ni uwezo wa kumkamata mtu kwa kosa kubwa akiwa huru mitaani, siyo mtu ambaye tayari yuko chini ya ulinzi wako.

Hapo ndipo miaka yako 4 ya jela ya kaunti inapoanguka. Texas ina leseni mbili tofauti, zote zinatolewa na tume moja: ya askari jela na ya ofisa wa polisi kamili. Wewe unayo ya kwanza. Umehesabu watu usiku, umeamua ugomvi, umemfunga pingu mtu anayetema mate usoni. Ni kazi ngumu kuliko doria nyingi, na hilo nitalisema popote. Lakini wote uliowashika walikuwa wamekwisha kukamatwa na mwingine.

Na ile fomu uliyoniletea, kwa kuwa nilikuwa mkuu wa zamu yako, ilikuwa na kisanduku kimoja tu kinachouliza: je, alikuwa na mamlaka ya jumla ya kukamata? Ukaniambia nitie alama ya ndiyo, "kidogo tu, nani ataangalia."

Wataangalia, mdogo wangu. Rekodi ya tume inaonyesha leseni gani ulipewa, tarehe gani, na idara gani ilikuteua kwa cheo gani. Mchunguzi haanzi na barua ya kaka mtu, anaanza na rekodi. Angekuta barua inasema ndiyo na rekodi inasema hapana, na hapo usingekuwa tena mtu aliyepungukiwa na uzoefu. Ungekuwa mtu aliyedanganya serikali ya shirikisho, kosa la kifungu cha 1001 cha sheria za jinai za shirikisho, kifungo hadi miaka 5. Askari mwenye doa la uongo hata kesi ya kuvuka taa nyekundu hatoi ushahidi. Wakili anamuuliza swali moja anakaa chini. Nilikuwa nalinda jina lako. Ndiyo, na langu pia, sioni aibu kulisema.

Lakini arobaini ile ya Baba kule nyumbani, mdogo wangu. Hitma imekwisha, watu wanasubiri chai, wazee bado wameegemea mito, na wewe unatoa bahasha kwenye mfuko wa kanzu na kuiweka juu ya mkeka mbele ya Mama. Unamwambia asome ajue ni mtoto wake yupi anayewafungia wenzake milango. Mama, ambaye hajui neno la Kiingereza, akaifungua, akaigeuza juu chini, akaikunja mara mbili na kuitia chini ya kanga. Hakusema kitu. Akauliza kama sukari imefika kwa wageni wa nje. Nikikumbuka ule mkono wake unaokunja karatasi asiyoweza kuisoma, sipati usingizi. Kunitukana ungenitukana Houston, kwenye maegesho ya magari, saa yoyote. Mkeka wa hitma ya Baba haukuwa wako wala wangu.

Nikasema nisirudi huko. Turudi kazini.

Unadhani sharti la miaka 3 limewekwa kuwabania watu. Tazama waliokufa katika kazi hii. Tarehe 20 Julai 1992, jengo la mahakama ya shirikisho la Dirksen pale Chicago, mfungwa alijitoa pingu, akapora silaha na kumuua naibu marshali Roy Frakes. Akakimbilia gereji ya chini. Aliyekuwa huko ni Harry Belluomini, ofisa usalama wa mahakama, polisi mstaafu wa mji ule ule. Alipigwa risasi ya kufa, na bado akajibu na kumpata yule mfungwa, ambaye hakufika barabarani. Alijiua pale pale. Tarehe 4 Januari 2010 Las Vegas, mtu aliingia mahakama ya Lloyd D. George na bunduki chini ya koti, akaanza kufyatua kabla hajafika kwenye ukaguzi. Stanley Cooper aliuawa. Alikuwa na miaka 72, naye polisi mstaafu. Wanataka mtu ambaye mwili wake umeshazoea kumsoma mtu huru anayekuja na nia yake, na jela haifundishi hilo, kwa sababu jela mtu anakufikia ameshapekuliwa.

Ndiyo maana ukifika lindo la mlangoni, usiulize nani anakaa kwenye eksirei, uliza nani anatazama mlango. Anayetazama skrini haoni kitu kingine. Lazima awepo mmoja ambaye kazi yake ni vioo vya nje na mikono ya wanaoingia, hasa mkono uliobaki ndani ya koti siku ya joto. Huyo asipewe trei, asipewe fimbo ya ukaguzi, asiulizwe ofisi ya karani iko ghorofa ya ngapi.

Kwenye skrini, rangi ya chungwa ni karatasi, chakula, nguo, ngozi, plastiki nyingi, na baruti pia huangukia huko. Buluu ni chuma. Kijani ni vya katikati, kama alumini. Nyeusi ni mahali ambapo mionzi haikupita, na nyeusi hairuhusiwi kupita bila kufunguliwa. Kosa la wageni wote ni kutafuta umbo la bastola wanalolijua. Bastola iliyosimama kwa upana wake mwembamba huonekana kama kipande cha chuma tu, na kisu kilichoelekea juu ni mstari. Geuza mkoba robo mzunguko, upitishe tena. Kompyuta itoke ipite peke yake, maana inafunika kila kilicho chini yake. Na usikae hapo muda mrefu: viwanja vya ndege vya Ulaya vina kanuni ya dakika 20 mfululizo, na macho ya mahakamani si tofauti na macho ya uwanja wa ndege.

Lango la kunasa chuma lipimwe kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, kwa kipande cha majaribio kilichowekwa kiunoni, kwapani na kwenye kifundo cha mguu. Kiti cha chuma au toroli ikisogezwa karibu, linalia ovyo, na lango linalolia ovyo huwafanya maofisa waache kulisikiliza. Likimlilia mtu, arudi nje, atoe alichonacho, na alichotoa kipite kwenye eksirei. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wakili anayejulikana anatoa simu mfukoni, ofisa anaipokea mkononi na kumrudishia upande wa pili. Kitu hicho hakikukaguliwa na mtu yeyote. Fimbo ipite sentimita 2 au 3 kutoka mwilini, isiguse, isikimbizwe. Nyayo za viatu zisisahauliwe. Mwenye kifaa cha moyo apapaswe kwa mkono na ofisa wa jinsia yake. Mkongojo wa mzee upite kwenye mashine, na mzee apewe kiti wakati anausubiri. Hili la mwisho najua hutahitaji kufundishwa.

Ndani ya ukumbi wa mahakama kazi ni kukaa kimya na kutazama watu badala ya kesi. Mahabusu ni wa manaibu marshali, usiwaguse bila kuitwa. Kengele ya dharura ya jaji ikilia, waende waliopangiwa. Mlango mkubwa hauachwi mtupu, maana kelele ya juu inaweza kuwa ya kuwatoa walinzi chini.

Sasa njia. Akademia ya jioni kwenye chuo cha jamii huchukua karibu mwaka mmoja, saa zaidi ya 700, na unaweza kubaki na zamu yako ya usiku. Mtihani wa leseni una nafasi 3. Ukianguka zote unarudia kozi nzima. Kisha ingia polisi ya mji mdogo au ofisi ya konstebo. Konstebo wa Texas wanapeleka hati za mahakama na kulinda mahakama za chini, kwa hiyo utahesabiwa mamlaka ya kukamata huku ukijifunza mahakama kwa karibu. Jumla miaka 4 au zaidi kidogo. Ulinijibu kwa hasira kwamba utakuwa na miaka 38. Wenzako wengi lindoni watakuwa wamestaafu upolisi. Utakuwa kijana wao.

Kuhusu mshahara usidanganyike na neno shirikisho. Unalipwa na kampuni kwa viwango vya sheria ya mikataba ya huduma, mara nyingi vikiwa vimejadiliwa na chama cha wafanyakazi. Pensheni ya serikali hakuna. Wengi wanaanza na nafasi ya kugawana, watu wawili kwa nafasi moja, kwa hiyo uliza kabla ya kuacha kazi uliyonayo.

Na uraia. Mama ananilaumu mimi, naye ana haki ya kumlaumu anayemtaka. Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, na nilikueleza hivyo kabla hujajaza fomu ya N-400 ya kuomba uraia wa Marekani, tena mara mbili, shemeji akiwepo. Sikukusukuma. Ulipolazimika kulipa dola 100 za viza ili uje arobaini ya baba yako mzazi, uliniangalia kana kwamba ni mimi niliyezichukua. Nilikueleza bei ya mlango kabla hujagonga. Kaka mtu angefanya nini kingine? Angenyamaza, ukajikuta huna pasipoti ya kwenu wala kazi ya huku?

Limebaki la daktari, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko kisanduku. Wanapima presha, sukari, macho, moyo na masikio. Masikio yanapimwa bila kifaa cha kusaidia kusikia, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 11 iliikubali kanuni hiyo ofisa mmoja alipoipinga. Sikio lako la kushoto unalijua na mimi nalijua, tangu ile siku ya ufukweni. Usilipe ada ya akademia kabla hujajua linasikia kiasi gani. Ningekwambia hili siku ile ile, lakini ulishaondoka na viatu mkononi.

Barua ya kweli nimeiandika: miaka 4 na miezi 2, zamu ya usiku, hesabu haijawahi kukosewa, mahabusu wawili waliookolewa kujinyonga kwa mikono yako. Kile kisanduku nimeandika hapana. Nimeitia sahihi na iko kwa shemeji.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa nje kwako na gari, nikupeleke kupimwa sikio. Nitasubiri mpaka saa nne.

Kaka yako