Barua ya wazi kwa Afisa Michezo, Mtwara: jina tulilopewa redioni

Ndugu Afisa,

Mimi ni kocha wa vijana wa mpira wa kikapu hapa Magomeni, timu ambayo sasa hata mama ntilie wa sokoni anaijua kama "wale wahuni". Jina hilo lilitoka kwa mtangazaji wa redio moja, siku ya pili baada ya mechi yetu. Akalirudia asubuhi na jioni, wiki nzima.

Nianze na kosa letu. Ni kweli tulitoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho. Zilibaki sekunde chache, tumeshafungwa, na kijana wetu kakaa chini ya ringi anatema damu kwa kiwiko ambacho refa hakukiona. Nilipaswa kuwazuia wenzake. Sikuwazuia. Lakini redioni kiwiko hakikutajwa kabisa.

Mchezo huu una historia hiyo. Mwaka 1991 Detroit Pistons, mabingwa wa NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) wa 1989 na 1990, walifungwa na Chicago Bulls mechi nne kwa bila, wakaondoka kabla muda haujaisha, wengi wao bila kupeana mikono. Nahodha wao, Isiah Thomas, anaandamwa na habari hiyo mpaka leo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Boston Celtics walitolewa na Detroit hao hao, na wachezaji wao kadhaa nao waliondoka kabla mechi haijaisha. Hiyo nani anaikumbuka? Boston walikuwa timu ya heshima magazetini. Detroit walishaitwa Bad Boys, yaani watukutu. Sisemi walikuwa malaika. Mchezaji wao Bill Laimbeer alikuwa mbabe kweli, na jina lenyewe walilipenda, wakalivaa. Sisi letu hatujauza hata fulana moja.

Ubaya ni kwamba jina linamfikia mwamuzi kabla ya mpira kurushwa. Jumamosi iliyopita kijana wangu wa miaka 17 aliruka kudaka rebaundi, mpira uliokosa kikapu, hakugusa mtu, kipenga kikalia. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kabisa: "Kocha, nyie mnajulikana."

Watu wa Mtwara tunayajua haya. Baada ya vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar, nikishuka Dar nilikuwa naulizwa kama nimekuja na mawe kwenye begi.

Siombi redio ikemewe. Mtangazaji ana kazi yake, na sauti nzuri anayo. Naomba mechi ikiisha, karatasi ya meza ya waamuzi ibandikwe ubaoni na wanahabari wapewe nakala, faulo zote zikiwa na namba za jezi. Na kabla timu za mashindano yajayo hazijapangwa, tuiteni tujieleze.

Nakala ya karatasi ya mechi ile ninayo. Ina tone la damu pembeni, ila faulo za pande zote mbili zinasomeka. Nitakuletea Jumatatu, uzihesabu mwenyewe.

Kocha,
Magomeni, Mtwara