Chakula cha mbwa cha kupima kiuzwe pamoja na lebo yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka ya pembejeo za mifugo hapa Mtwara, wenzao wa Lindi, na wateja wao, kuhusu chakula kikavu cha mbwa kinachouzwa kwa kupima.

Maduka haya yanaleta viroba vya kilo 15 na 20 kutoka Dar es Salaam, yanavifungua, na mwenye uwezo wa kilo mbili naye anapata. Hiyo ni huduma. Siku hizi wapo wanaowaambia wafugaji waachane na chakula cha kupima kabisa, kila mtu aagize kiroba chake kizima kwa basi. Siafiki, na sababu ni hesabu tu. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye kilo 15 anatosheka na gramu 250 hivi za chakula kikavu kwa siku. Wa kilo 20 ni gramu 300. Kiroba cha kilo 20 kwa mbwa mmoja wa kilo 15 ni chakula cha siku 80. Kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe ndani ya wiki sita, na kwa unyevu wa pwani hii ningesema mwezi mmoja. Kwa hiyo aliyekimbia chakula cha kupima amehamisha tatizo kutoka dukani kwenda stoo kwake. Mwenye mbwa mmoja au wawili ni afadhali anunue cha wiki mbili mbili, yaani kilo tatu na nusu kwa mbwa mmoja, mradi duka linajua kukitunza.

Hapo kwenye kutunza ndipo penye kasoro. Punje hizi zikishapikwa kiwandani hunyunyiziwa mafuta juu yake, ndiyo maana mbwa huzipenda. Mafuta hayo yako nje ya punje, na hewa na joto huanza nayo. Yanachacha, vitamini A na E zinapotea, na mbwa anakula kitu kinachoshibisha bila kumjenga. Unyevu nao una njia yake. Punje hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 10 au chini ya hapo. Zikivuta hadi kupita asilimia 12 hivi, ukungu unapata pa kuishi. Kuanzia Desemba hadi Aprili, kiroba kilichokunjwa mdomo tu na kuachwa kando ya mlango kinavuta unyevu huo bila mtu kumwaga tone la maji.

Ukungu wenyewe si tatizo kubwa kama sumukuvu inayotokana nao, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika upya. Tunaijua kwa binadamu: mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mwishoni mwa mwaka 2005 Marekani walipoteza makumi ya mbwa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa na mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa yumo hatarini zaidi kwa sababu anakula chakula kilekile asubuhi na jioni, siku zote. Ini ndilo linaloumia. Anakataa chakula, anatapika, mkojo unakuwa wa njano iliyokolea, ufizi na weupe wa macho unageuka manjano, na mara nyingine choo kinakuwa cheusi kwa damu. Ufizi ukishafikia manjano, muda wa kumwokoa ni mdogo.

Sasa nimgeukie mwenye duka. Fungua kiroba kimoja cha mbwa wakubwa na kimoja cha watoto, usifungue cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Siku ya kukifungua, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Usikimimine kwenye pipa tupu: kitumbukize kiroba chenyewe ndani ya pipa lenye mfuniko, ili lebo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vibaki na chakula mpaka kilo ya mwisho. Pipa linalomiminiwa moja kwa moja hubaki na utando wa mafuta ukutani, na kila mzigo mpya unaoingia unaanza kuchacha kwa mafuta ya mzigo wa zamani. Ubaya unazidi pale chakula kipya kinapojaziwa juu ya masalia. Vumbi la chini ya kiroba ni la kutupa au la kuwapa kuku, si la kuuzia mtu kwa bei ya punje.

Viroba vikae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, wala visirundikwe hadi karibu na bati. Na hili linatuhusu sisi watu wa korosho hasa: msimu wa kupulizia mikorosho, duka hilohilo hujaa salfa ya unga, dawa za maji, dawa za kuogeshea ng'ombe na sumu ya panya. Salfa ikimwagika kidogo tu, vumbi lake linatua kwenye kila kilicho wazi. Chakula kitengwe upande wake, na kijiko cha kupimia kisiwe kile kilichogusa dawa. Wauzaji wengi huku ni Waislamu, na baadhi yao hawapendi kushika chakula chenye nyama wasiyoijua asili yake. Kijiko na mizani vya chakula cha mbwa vikiwa peke yake, wao wanaridhika na usafi unaongezeka. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo isiyopitwa na wakati.

Mteja naye asisimame kaunta kupokea tu. Aombe kukiona kiroba. Asome tarehe, kisha asome kiwango cha protini: mbwa mzima asipate chini ya asilimia 18, mtoto asipate chini ya 22. Lebo nyingi ni za Kiingereza, na muuzaji akibandika karatasi yenye mistari minne ya Kiswahili atapunguza maswali. Kisha achukue punje moja aivunje kwa vidole. Nzima huvunjika kwa mlio. Iliyovuta unyevu hubonyea. Ainuse iliyovunjika: harufu ya karanga za mwaka jana au ya rangi ya mafuta maana yake mafuta yamechacha. Akichovya mkono na kutoka na utando kama wa buibui, hapo kuna wadudu. Akiona kinyesi cha panya, hata kimoja, aondoke. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa unaompata mbwa na anayemlisha pia.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, chakula cha kupima hubebwa kwenye mifuko mbadala ya kitambaa. Kwa kubebea kutoka dukani haina ubaya, kwa kuhifadhia haifai, maana inapitisha unyevu kama neti. Uje na ndoo yako yenye mfuniko unaobana, kavu, iliyooshwa kwa sabuni kila inapoisha. Ukiwa hapo dukani, mwombe muuzaji akupimie gramu 250 kwenye kopo lako, uchore mstari kwa nje; nyumbani utapimia humo. Wanaopima kwa macho huzidisha, na mbwa wa mlinzi anayenenepa hafukuzi mtu.

Kwa kuwa bei si ya kila mtu, wengi huchanganya na ugali. Sina ugomvi na hilo, ila hesabu iangaliwe. Chakula chenye protini asilimia 22 ukikichanganya nusu kwa nusu na unga wa mahindi, wenye asilimia 9, unapata 15 na nusu, ambayo haimtoshi mbwa. Robo ya unga kwa robo tatu za chakula inatoa karibu 19, na hapo anasalimika. Ugali wa muhogo ni habari nyingine: protini yake ni asilimia mbili hivi, na hata robo yake tu inakushusha chini ya 18. Anayetaka kupika mwenyewe achukue kilo moja ya dona safi, gramu 350 za dagaa wakavu, mchicha au boga, na vijiko viwili vya mafuta ya kula. Dagaa wetu wa baharini huchemshwa kwa chumvi na wengi huanikwa chini, kwa hiyo waloweke, mwaga maji, suuza tena mpaka mchanga uishe. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiingie kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Mchanganyiko huu ni wa mbwa mzima. Mtoto aachiwe chakula chake cha dukani mpaka afike mwaka.

Kuna ushauri mmoja wa kaunta ambao ningependa ukome: chakula cha mbwa kikiisha, mteja anauziwa chakula cha kuku. Cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia tatu na nusu hadi nne kwa ajili ya ganda la yai, karibu mara tatu ya anayohitaji mtoto wa mbwa, na wale wa mbegu kubwa kama German Shepherd mifupa yao hupinda. Cha kuku wa nyama mara nyingi kimetiwa dawa ya kuzuia koksidiosi, ugonjwa wa kuhara wa kuku, kama monensini au salinomisini. Kwa kuku ni salama. Kwa mbwa ni sumu ya misuli: miguu ya nyuma inalegea, kisha ya mbele, kisha pumzi.

Na chakula kuisha si jambo la nadra kwetu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mizigo ya mikoa hii miwili ilikwama njiani. Nyakati kama hizo ndipo viroba vya zamani hutolewa nyuma ya stoo, basi tarehe isomwe mara mbili. Mfugaji awe na akiba ya wiki mbili kabla ya mvua kukolea. Akilazimika kubadili aina, abadili kwa siku saba: robo ya chakula kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha kipya kitupu. Kubadili kwa ghafla huleta kuharisha, na watu wakakimbilia dawa ya minyoo isiyohusika.

Mbwa akiugua na chakula kikashukiwa, usikitupe. Chota juu, katikati na chini, ifike kilo moja, maana sumukuvu hukaa kwa mafungu na kiganja kimoja cha juu kinaweza kutoka safi. Weka kwenye bahasha ya kaki, si ya plastiki, andika namba ya toleo na tarehe duka lilipofungua kiroba, umpelekee afisa mifugo wa kata au ufike kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) hapa Mtwara. Ikiwa lebo ilishatupwa, hakuna atakayejua ni viroba vingapi vya toleo hilo bado viko madukani.

Afisa mifugo mstaafu,
Chikongola, Mtwara