Binti yangu anacheza usiku tu, majirani wanasema mchawi. Nihame?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi mvuvi wa dagaa hapa Kigoma, mimi na mama watoto tumeshindwana naomba ushauri.

Binti yetu ana miaka mitano. Tangu anatambaa ukimtoa juani kidogo tu ngozi inaungua, macho yanachuruzika hataki kuyafumbua, na hajafika hata miaka miwili uso ukajaa madoadoa meusi, sie tukasema aleji ya dagaa (huku kila kitu aleji ya dagaa). Tukapewa rufaa mpaka Moshi, kituo cha ngozi pale hospitali ya KCMC, wakasema zeroderma pigimentosamu. Daktari alivyonielewesha, jua linaharibu vinasaba kwenye ngozi ya kila mtu, ila mimi na wewe mwili unajikarabati wenyewe, wa kwake hauwezi, uharibifu unalundikana mpaka inakuja kansa, na wengine inawapata bado watoto. Sio albino, rangi anayo kama sisi. Dawa ya kuponya hamna, ni kumkinga tu, nguo ndefu, pama, miwani, losheni (bei yake acheni tu), na hata ndani akae mbali na dirisha maana kioo hakizuii mionzi yote.

Basi ndo anacheza baada ya magharibi. Mtoto anaruka kamba uani saa mbili usiku, mchana haonekani, na mimi nae kazi yangu ya usiku, mwezi ukiwa mkubwa ziwani hatuingii ndo nakaa nae nje, basi mtaa mzima washatupa jina. Wenzie wamekatazwa kuja, na mwenye nyumba kaanza kuuliza uliza tunahama lini.

Mama yake anataka twende tukaishi Moshi karibu na kliniki. Sasa mimi huko nitavua nini? Mi nataka balozi wa nyumba kumi aitishe kikao niwaeleze watu, yeye anasema nikitamka tu ugonjwa wa kurithi nimewaharibia mabinti zetu wakubwa, nani atawaoa. Na hapo ana pointi, sisi wenyewe ni mabinamu, daktari alisema kila mmoja wetu kabeba kasoro bila kuumwa, ndo kila mimba inakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Niitishe kikao au ninyamaze tuhame? Na kama kuna mzazi mwenye mtoto wa hivi, shule mlifanyaje, maana Januari anaanza awali na wale wanashinda uwanjani. Matusi sitaki.