Kabla Hujanunua Hiyo Miwani

Kisenyi, Kampala

Ndugu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila mvua imetukalia, na matope ya Kisenyi unayajua mwenyewe. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uweke miwani ya VR, ile inayofunika macho yote ukajiona umo ndani ya gemu yenyewe, kwenye kibanda chako cha gemu hapo Busia, ama ni kiini macho cha kuchotea watu pesa.

Wasiwasi wako una asili yake. Nintendo walitoa mashine yao ya gemu ya kuchungulia kwa macho, Virtual Boy, mwaka 1995, picha zote nyekundu juu ya giza, watu wakalalamika vichwa vinauma, na haikumaliza hata mwaka sokoni. Mwaka 2014 Facebook wakainunua Oculus, kampuni ya miwani ya VR, kwa dola bilioni 2, tukaambiwa sasa mambo yameiva. Hadi leo vijana wetu wanagombania padi za gemu ya mpira kwenye TV.

Binamu yangu aliporudi kutoka Dubai aliniachia miwani ya Quest 2 kwa muda, nikaiweka kibandani. Wote walikimbilia gemu ile ya kigari kinachoporomoka kwenye reli za juu. Mtu anapiga mayowe, wenzake wanacheka mpaka machozi, analipa, anaenda zake. Harudi. Ashalipia mshtuko wake, arudi kutafuta nini? Wengine walishuka wakishika tumbo, maana macho yanauambia ubongo kwamba unakwenda mbio huku sikio la ndani likisema umekaa kwenye benchi. Ndiyo sababu gemu nyingi za VR hukuhamisha papo kwa papo kutoka mahali hadi mahali badala ya kukutembeza.

Beat Saber ni habari nyingine kabisa. Ilitoka 2018, kazi ya kampuni ndogo ya Prague. Viboksi vinakujia kwa mdundo wa muziki, vingi vina mshale wa kukuonyesha pa kukata, nawe unavikata kwa panga mbili za mwanga, nyekundu na buluu. Umesimama pale pale, kwa hiyo kichefuchefu hakuna. Kuna kijana mmoja wa boda alikuwa akija baada ya magharibi. Anavua jaketi, anavaa kamba za padi kwenye viganja (alishaona mwenzake nusura airushe padi kwenye TV), anachagua wimbo uleule wa jana. Hapigi mayowe. Anakata, anakosea, anatukana kidogo kwa Kiganda, anaanza upya. Akimaliza sifongo ya usoni imelowa jasho chapachapa, naifuta kabla ya kumpa mwingine. Shida yake ilikuwa alama zake tu, miwani alishaisahau. Mimi hapo ndipo niliposadiki kwamba VR inaweza kuwa gemu kama gemu nyingine.

Half-Life: Alyx ya kampuni ya Valve, 2020, nayo ni ya jamii hiyo: unafungua droo kutafuta risasi, unashika mlango kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine, unajaza risasi kwa vidole vyako huku adui anakuja. Ukiondoa mikono, gemu yenyewe hakuna. Ila inataka kompyuta yenye nguvu, na gemu kubwa za namna hiyo zimebaki chache. Wanunuzi wa miwani si wengi, kwa hiyo studio zinaogopa kumwaga pesa, na gemu zisipokuja wanunuzi nao hawaongezeki. Sony walipotoa miwani yao ya PlayStation VR2 mwaka 2023 kwa dola 549, ikawa ghali kuliko mashine ya PS5 inayoiendesha. Nani atanunua hivyo?

Sasa kibanda chako. Unajua kama mimi kwamba biashara yetu ni benchi. Wawili wanacheza, wanane wanabishana nyuma yao, na hao wanane ndio wateja wa baadaye. Ukimvisha mtu miwani, benchi haioni kitu. Unaweza kurusha picha kwenye TV, lakini utahitaji wi-fi isiyokatika, na umeme ukienda miwani itabaki na chaji yake ya saa mbili hivi, TV imezima. Halafu watoto: Meta (ndio Facebook wale wale, wenye Quest) hawaruhusu walio chini ya miaka 10, na wewe nusu ya wateja wako wa Jumamosi hawajafika hapo. Utawafukuza?

Kwa maoni yangu, pesa ya kwanza nunua PlayStation nyingine. Kama moyo bado unasukuma, Quest 3S ilipotoka 2024 ilikuwa dola 299, zaidi ya shilingi zetu milioni moja hata kabla ya ushuru. Weka Beat Saber, achana na vigari, na utoze kwa wimbo, usitoze kwa dakika, la sivyo utagombana nao kila siku. Binamu anakuja tena Desemba na anaweza kubeba moja, ila nijibu mapema kabla mzigo wake haujajaa.

Mama msalimie sana. Mwambie wale samaki wa Majanji walifika, na watoto walikula mpaka wakagombania vichwa.

Wako,
Rashidi