Kilomita sita za mwisho kwenda KIA

Mhariri,

Kutoka stendi kuu ya Moshi hadi njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hakuna tabu. Unapanda Kosta ya Arusha, unabanana na wenzio, Bomang'ombe hiyo imepita, na baada ya kilomita kama 40 konda anagonga bati: "KIA washuke!" Kazi inaanza hapo. Kutoka barabara kuu hadi jengo la abiria zimebaki kilomita zipatazo 6.

Mwezi uliopita nilikuwa namsindikiza mama mkwe, anakwenda Dar kutibiwa macho. Ana sanduku, na ndoo ya maparachichi ya wajukuu (Mchagga hasafiri mikono mitupu). Daladala ya kuingia ndani sikuiona. Bodaboda walitukimbilia, lakini bibi mwenye mtoto wa jicho na ndoo utampakiaje? Dereva wa teksi alitaja bei iliyozidi nauli zetu sote wawili kutoka Moshi. Nililipa. Ndege haina subira ya Kosta.

Najua watakaosema kwamba mpanda ndege ana hela zake. Mgeni wa mlima kweli hana shida, anapokelewa na gari la kampuni. Je, anayefagia pale, au mama anayeingia zamu alfajiri?

Uwanja ule ulifunguliwa 1971 ukawekwa kati ya Arusha na Moshi ili miji yote miwili iutumie. Sawa, ila mwenye gari ndiye anayeufaidi. Unguja kuna daladala ya 505, unaipanda mjini inakushusha uwanja wa ndege. Lamu uwanja uko Manda, ng'ambo ya maji, na watu wanachangia boti wanavuka na mizigo yao. Wenzetu wameiweza bahari, sisi tumeshindwa na lami!

LATRA, wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, wafikirie njia fupi ya njia panda hadi uwanjani. Haisi mbili tatu zinatosha kuanzia, nauli ibandikwe mlangoni, na zifuate saa za ndege, si saa za ofisi. Zile za usiku ndizo hasa, maana saa tano usiku pale njia panda Kosta nazo zimekwisha na unabaki na begi lako gizani.

Mama mkwe anarudi mwisho wa mwezi, kwa ndege ya usiku. Nimeshaanza kutafuta jirani mwenye gari.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi