Boksi la viatu: barua kwa dada yangu aliyeko Arusha

Shikamoo dada.

Nakuandikia hapa kwa sababu simu hupokei, na ule ujumbe wa sauti wa juzi usiku umenikaa kooni. Nusu yake ni habari za mwalimu wa mwanao: kwamba mtoto akipewa karatasi anaigeuza, kisha anaikalia mikono yake. Penseli haigusi. Halafu ukauliza, kwa ile sauti yako ya kumwita fundi aliyeharibu bomba: "Hivi kule Moshi mlikuwa mnamfanyisha nini?"

Nitakujibu kwa kirefu, na mbele za watu, maana na wewe ulinisema mbele za watu. Ninyi wengine mnaosoma mtatuvumilia.

Tulikuwa tunamfanyisha hivi. Asubuhi, Mama akishamkatia ng'ombe majani, anakaa kwenye kigoda, anaweka sinia mapajani na kulinyunyizia unga wa mahindi kidogo, ule ulioingiwa na wadudu. Mtoto anaandika kwa kidole. A. Anatikisa sinia, A imeondoka. Anaandika tena. Ba, be, bi, bo, bu. Usijifanye umelisahau lile sinia. Ni lile lile lenye tundu pembeni, na tundu ulilitoboa wewe kwa msumari ukitaka tulitundike kama saa. Tulijifunzia hapo wote wawili, na mimi nilichapwa mara moja tu, kwa kulamba herufi.

Unga wa ngano, ule uliosema "unapotea", niliununua mimi. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, kikombe 1 cha maji, kijiko cha mafuta, unakanda kama wa chapati. Chumvi ndiyo inayoufanya usichache upesi, na mtoto akiuonja anautema mwenyewe. Anatengeneza nyoka, anatengeneza mandazi, anafinya, anaviringisha. Ulipotukuta ukasema tunampotezea muda badala ya kumfundisha kuandika. Dada, vidole ambavyo havijawahi kufinya kitu vitashikaje penseli? Unga ukiisha tulichota udongo kingoni mwa mfongo, mfereji wetu wa maji, ule wa kunata. Huo hatukuununua kwa mtu.

Rangi je? Rangi ni jikoni kwa Mama. Kijiko cha manjano kwenye maji ya vuguvugu, unyoya wa kuku ndiyo brashi, kipande cha boksi ndiyo karatasi. Siku moja nikamwambia achovye kidole kwenye maji ya magadi aguse ile njano. Ikageuka nyekundu, nyekundu ya kutu, hapo hapo. Akapiga kelele, "Bibi, imeungua!" Nikamkamulia limau juu yake, njano ikarudi. Tukajaribu rozela: kwenye limau inabaki nyekundu, ukiitia magadi inaingia ubuluu, ukizidisha inakuwa kama kijani. Mama, ambaye ametia magadi kwenye kiburu, zile ndizi zetu na maharage, maisha yake yote, alishangaa kuliko mtoto. Akaniuliza, "Na tumboni nako inageuka hivyo?" Tulicheka mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Wewe ulisoma kemia mpaka kidato cha sita. Ile karatasi mliyokuwa mkichovya kwenye asidi pale maabara ibadilike rangi, mwanao aliijua kabla hajatimiza miaka minne, na ilitugharimu limau moja.

Bamia ukiikata kwa kuikingamisha, ukaichovya kwenye rangi, inakupa nyota ya pembe tano. Kikonyo cha jani la mgomba ukikikata hivyo hivyo kinatoa wavu. Haya hakunifundisha mtu, niliyaona nikipika.

Najua unachosubiri. Unasubiri niruke habari ya haragwe. Siruki.

Tulikuwa tunapanga vizibo vya soda kwa rangi, na maharage tunayagawa kumi kumi. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, nikajibu, nilipoinua kichwa haragwe moja limeshaingia puani. Nikachukua kibanio cha nyusi nikajaribu kulitoa, nikalisukuma ndani zaidi. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na yeyote anayesoma asilirudie: haragwe likipata unyevu linavimba, usilichokonoe, mpeleke mtoto kwa daktari. Nilipanda naye bodaboda huku nalia. Daktari alilitoa kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kulisukuma. Alikuwa na miaka mitatu. Tangu siku hiyo maharage, vifungo na chochote cha kuingia puani vilikuwa vya kukaa naye mkono kwa mkono, sufuria likiisha kazi linapanda juu ya kabati.

Nimeshakuomba radhi mara tatu kwa hilo. Leo ya nne. Ila na mimi niulize kitu kimoja tu. Nilikupigia saa nane mchana ule ule. Ulikuja baada ya siku kumi na moja. Moshi na Arusha ni kilomita 80 tu, dada, Coaster zinapita mpaka usiku.

Hapana. Hili sikutaka kuliandika. Najua watalii hawasubiri, najua unatoka Sakina saa kumi na moja alfajiri giza likiwa bado. Ada yangu ya chuo ililipwa na hayo hayo magari ya watalii. Sijasahau. Hata jeneza la Mama ulilipa wewe, na hukutangaza.

Sasa boksi.

Wewe unajua boksi la viatu vyangu vya kipaimara lilikuwa chini ya kitanda cha Mama. Pengine hujui kwa nini lilikuwa kule. Rangi ya manjano haipendi jua. Ukiibandika picha dirishani, haichukui siku nyingi imepauka, umebaki na karatasi. Mama aliligundua hilo mwenyewe, akasema picha za mjukuu wake zitalala gizani kama mbegu. Kila Jumamosi boksi linatolewa, zinatazamwa, zinarudishwa. Miaka miwili na zaidi ya mtoto ilikuwa mle. Za mwanzo ni mikwaruzo, kisha miduara, kisha siku moja mduara ukaota miguu na tukapata mtu.

Siku ya tatu baada ya mazishi mvua ya Aprili haikukatika tangu usiku. Kuni zimelowa, sufuria la mtori liko juu ya mafiga, mashangazi wamejaa jikoni wamejifunika kanga, moto haushiki. Ukauliza nani ana karatasi. Hakuna aliyejibu. Ukaingia chumbani kwa Mama.

Mimi nilikuwa natoka mgombani na mkungu kichwani. Nilisimama mlangoni. Ulikuwa umeinama unapuliza, na mwanao amechuchumaa pembeni yako, boksi liko katikati ya miguu yake. Yeye ndiye aliyekuwa anakupa. Moja moja.

"Hii kuku."

"Lete."

"Hii mlima."

"Lete."

"Hii Bibi anachuma kahawa."

"Lete haraka, moto unazimika."

Hiyo ya Bibi naikumbuka kuliko ninavyoukumbuka uso wa Mama mwenyewe siku ya mwisho. Kichwa kikubwa, miguu imetoka kwenye kidevu, mikono kama ngazi, na pande zote nukta nyekundu za rozela, kila nukta alama ya kidole chake. Alichelewa kidogo kuitoa. Alikuangalia usoni, akasubiri. Wewe ulikuwa unaangalia moto. Basi akakupa, kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kumpa mkubwa kitu.

Kuzichoma nimeshajaribu kukuelewa. Ulikuwa hujalala siku tatu, karatasi ni karatasi, wafiwa lazima wale. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba ulitajiwa kila moja kwa jina lake, na hukugeuza shingo hata mara moja. Halafu shangazi akauliza zile ni karatasi za nini, ukajibu, "Huyu shule hana, miaka miwili yote anafundishwa kuchafua karatasi." Wakacheka. Mtoto naye akacheka, kwa sababu watu wazima wanacheka.

Nilitua mkungu nikaenda kunawa utomvu mikononi. Ndicho nilichofanya. Sikusema "acha", sikulichukua boksi. Ningeweza kusema ulikuwa msiba na mdogo hamfokei mkubwa mbele ya mashangazi, na ndivyo nimekuwa nikijiambia. Lakini zilikuwa zimebaki karatasi nyingi tu nilipokuwa nimesimama pale.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini anakalia mikono yake, mimi nitakujibuje?

Sebuleni kwako pana picha ya tingatinga ya twiga wawili uliyonunua pale Soko la Wamasai, na kila mgeni lazima aambiwe bei. Edward Said Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi. Sisemi mwanao atakuwa Tingatinga. Nasema tu yule naye alianza na vilivyokuwepo, na pengine alikuwepo mtu wa kugeuza shingo.

Haya, umeomba msaada, nisijifanye nimekuja kukusuta tu. Penseli iondoe machoni pake kabisa, na mwambie mwalimu asimlazimishe kwa muda. Anza na unga na chumvi, hakuna anayeogopa kufinya unga. Kaa naye chini sakafuni, siyo kwenye kochi ukimtazama kwa juu, hata kama ni robo saa ya Jumapili. Finya na wewe, na finya vibaya. Baadaye mpe kipande cha chaki kwenye sementi ya uani, au mkaa; mvua ikifuta, ifute, hilo halimuumizi, alilizoea kwenye sinia. Akichora usimuulize "hii ni nini?" Mwambie "nisimulie." Mtu wake akiwa hana tumbo usimcheke kama ulivyomcheka Krismasi ile, watoto wa miaka mitatu, minne, huchora hivyo hivyo, kichwa na miguu, tumbo huja lenyewe. Vizibo vya soda viombe pale grosari, andika silabi kwa maka peni, ma kwenye kimoja, ji kwenye kingine, aunganishe maji, avigeuze, acheke. Kile kishikwambi ulichomnunulia sikisemi. Nimekisema.

Na akikupa karatasi, ipokee kwa mikono miwili.

Shangazi ananiambia nije Arusha na jani la isale, kwa kuwa mimi ndiye mdogo. Nyumbani kwetu kila mtu anajua ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Lakini isale huletwa na anayeomba, na mimi kila nikipiga hesabu ya nani anamwomba nani, inanigeukia kama ile rangi. Niliyopanda kichwani mwa kaburi la Mama imeshika, ina majani mapya. Bado sijaikata hata moja.

Kuna kitu sijakuambia. Imebaki picha moja. Haikuwa boksini kwa sababu ilichorwa kwa mkaa, na mkaa hauogopi jua, kwa hiyo tuliibandika mlangoni jikoni kwa gundi ya unga. Mende wamekula pembe ya chini, ndiyo ubaya wa gundi ile. Ni kichwa chenye nywele nyingi, miguu miwili mirefu, na nyuma yake kitu chenye magurudumu sita. Nilimwambia anisimulie. Akasema, "Huyu mama. Anakuja."

Nilikuwa nikuletee Pasaka, nikakumbuka moto, nikaghairi. Ulikuwa uovu, naujua.

Magadi usinunue huko, watakuuzia yaliyochanganywa na mchanga. Nitakutumia ya Mama kwa kondakta siku ya Ijumaa, nusu kopo, pamoja na bamia chache. Picha simpi kondakta.

Mdogo wako